Kukariri na Kujua: Juu ya Kuwaandaa Wanafunzi kwa Mtihani wa Kuzungumza na Kuandika

Mwalimu wa Kiswahili katika nchi ambamo lugha hii si lugha ya nyumbani ana shida ambayo mwenzake wa Unguja au Tanga haijui sana. Mwanafunzi wetu wa Masaka, wa Huye au wa Gitega huingia darasani na lugha yake, hukutana na Kiswahili kwa vipindi vichache kila juma, kisha humkabili mtahini. Kwa kuwa muda ni mfupi, imekuwa ada kumpa msaada wa haraka: insha zilizokwisha kuandikwa, maelezo ya nafsi yake yaliyokwisha kupangwa, na orodha ya methali na tamathali za kupachikwa hapa na pale. Katika makala haya twakusudia kuupima msaada huo, tuone wafaa nini na wadhuru nini.

Tuanze na kuandika. Vijitabu vya insha za mfano vinavyozunguka shuleni aghalabu hufungua kwa namna moja: alfajiri imeingia, jogoo amewika, umande uko majanini, na msimulizi anaamka akijinyoosha. Swali likiwa juu ya siku isiyosahaulika, mwanzo wa namna hiyo waweza kupita. Lakini tuseme swali lamtaka mtahiniwa amwandikie mwenye duka la Mutukula kumlalamikia kwamba baiskeli aliyomuuzia imekatika mnyororo kabla ya juma kwisha. Mwenye duka anataka kujua baiskeli ilinunuliwa lini, kwa bei gani, imeharibika wapi, na mnunuzi anadai nini: arudishiwe fedha, au atengenezewe? Hapo jogoo na umande havina kazi. Hata hivyo barua kama hizo tumezisahihisha, nazo zilianza kwa jua kuchomoza. Mwandishi wake hakukosa akili. Alitumia alichopewa, maana hakupewa kingine.

Lawama haimwishii mwalimu wa darasani peke yake. Msahihishaji anayehesabu methali na kuzipa alama, bila kuuliza kama zimekaa mahali pake, huwafundisha walimu wote cha kufundisha mwaka ujao. Methali ni hoja iliyofupishwa. Isipokuwa na jambo la kuliunga mkono, huelea tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba haraka haraka haina baraka katika kisa cha mgonjwa aliyepaswa kukimbizwa hospitali amejipinga mwenyewe, na msahihishaji anayemtuza hakuisoma insha.

Vingi vya vitabu hivyo hutoka Kenya, nasi hatuna neno baya juu ya asili yake. Lakini yafaa tukumbuke mambo mawili. Kwanza, katika mtihani wa KCSE wa nchi hiyo karatasi ya kwanza humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, na ile ya lazima huhusu uandishi wa kazi: barua, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano na mfano wa hayo. Sisi tumeyavusha mapambo mpakani, tukayaacha hayo yenye manufaa. Pili, watoto wengi wa Nairobi au Mombasa hukisikia Kiswahili sokoni, garini na redioni; pambo la insha kwao hukaa juu ya usemi walio nao tayari. Mtoto wetu huvikwa pambo kabla ya kuwa na usemi wa kulibeba.

Kukariri kuna dhara jingine ambalo halionekani upesi: huficha makosa. Lugha za Kiganda, Kinyarwanda na Kirundi ni za Kibantu, kwa hiyo ngeli si mgeni kwa wanafunzi wetu. Asemaye omuntu na abantu hapati taabu kubwa kufahamu mtu na watu. Asemaye ekintu na ebintu huona upesi kitu na vitu vilikotoka. Lakini Kiswahili humpa kila kiumbe chenye uhai upatanisho wa a na wa katika kitenzi, hata jina lake likiwa katika ngeli nyingine. Twasema ng'ombe anakula, mbwa amepotea, kiongozi amefika. Katika Kiganda na Kinyarwanda ng'ombe hufuata upatanisho wa ngeli ya jina lake. Basi mwanafunzi hunena, "Ng'ombe inakula," naye ana sababu. Kosa hilo ni alama ya akili inayofanya kazi, na mwalimu akilisikia aweza kulitibu kwa kuzilinganisha lugha hizo mbili ubaoni. Katika insha iliyokaririwa kosa hilo halijitokezi, maana sentensi si za mwanafunzi. Litajitokeza siku ya mtihani, anapolazimika kunena lake, na siku hiyo mwalimu hayupo.

Sasa tuje kwenye kuzungumza, ambako mambo ni mazito zaidi. Mtahini huuliza, "Unaishi wapi?" Mtahiniwa hujibu kwa pumzi moja: jina lake, umri wake, kijiji chake, kazi ya baba, kazi ya mama, idadi ya ndugu, na chakula akipendacho. Mtahini husikiliza, kisha huuliza, "Huyo ndugu yako mkubwa anafanya kazi gani?" Kimya. Neno kazi alilitamka mwenyewe mara mbili katika maelezo yake. Ila alilitamka kama sehemu ya wimbo, na sasa limemjia peke yake hakulitambua.

Jambo hili limetazamwa na wataalamu wa lugha za kigeni kwingineko. Mwongozo wa Baraza la Ulaya uliotolewa mwaka 2001, wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, huigawa stadi ya kusema katika mafungu mawili: kusema katika maingiliano na mtu mwingine, na kusema kwa mfululizo peke yako. Mgawanyo huo watufaa, kwa sababu maandalizi yetu ya kawaida hulishughulikia fungu la pili tu. Huko Marekani, ambako Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa, hutumika mahojiano ya kupima umilisi yanayofuata hatua maalumu. Mtahini huanza kwa maongezi mepesi ya kumtuliza mtahiniwa. Kisha huyapandisha maswali hatua kwa hatua hadi aone ni wapi usemi unapokwama. Humpa pia igizo dogo, kama kununua kitu au kutatua tatizo. Mwishowe humrudisha kwenye maongezi anayoyamudu. Maswali hayo huzaliwa na majibu ya mtahiniwa mwenyewe, kwa hiyo hotuba ya kukariri haimfikishi mbali.

Hapa twajua tutapingwa, na hoja ya wapinzani ina uzito. Watatuambia kwamba kukariri ni desturi yenye heshima katika utamaduni wa Waswahili: tenzi zilihifadhiwa vifuani, na salamu yenyewe ni jambo la kukariri, maana hakuna atungaye upya jibu la "Hujambo" au "Shikamoo". Haya ni kweli, wala hatukusudii kuyaondoa darasani. Lakini aliyehifadhi "Marahaba" anajua wakati wa kuitumia na anamjua anayestahili kumwitikia. Anayehifadhi insha nzima hajui lolote kati ya hayo. Anangoja tu swali lifanane na jibu alilo nalo. Kihifadhiwe kile kitakachotumika mahali pengi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha. Badala ya insha moja ndefu, mwanafunzi ahifadhi misemo ya kujiokoa: "Samahani, sijakuelewa," "Tafadhali rudia," "Neno hilo silijui, ila ni kitu cha kupikia." Mtahini mwadilifu hampunguzii alama mtu asemaye hivyo, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo wasemaji wote wa lugha. Katika mazoezi ya mazungumzo, wanafunzi wakae wawili wawili, na kila jibu lifuatwe na swali ambalo halikuandikwa mahali popote. Katika kuandika, kila zoezi litaje msomaji wake: unamwandikia nani, naye anataka kujua nini? Na mwalimu, kabla ya kusahihisha tahajia na ngeli, ajiulize kama msomaji huyo angeridhika.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo. Nchini Uganda, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeitengea tathmini ya kazi za shuleni asilimia 20 ya alama za mwisho. Mwalimu aweza kuijaza sehemu hiyo kwa madaftari yaliyonakiliwa. Aweza pia kuyapa mazungumzo nafasi ndani yake. Hilo li mikononi mwetu, wala halingoji waraka kutoka wizarani.

Kiswahili kiliingizwa katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Rwanda ikakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Sheria zimekwisha kufanya sehemu yake. Mtihani utapimwa na maisha yajayo baada yake: kijana aliyepata alama za juu atasimama Mutukula au Rusumo, na dereva wa lori kutoka Dar es Salaam atamuuliza jambo ambalo halimo kitabuni. Walimu wenzetu, tumwandae kijana huyo aweze kumjibu dereva yule, na asipoelewa, aweze kumuuliza.