Nywele za Singa katika Daftari la Insha

Mwalimu mwenzangu, chukua daftari lolote la insha la mwanafunzi wako wa Kidato cha Pili, utafute pahali anapomsifu msichana mrembo. Aghalabu utamkuta yuleyule: nywele za singa, shingo ya upanga, macho ya gololi, meno meupe kama theluji, rangi ya chungwa bivu. Sasa geuza kurasa umtafute jambazi. Huyu naye habadiliki: jitu la miraba minne, jeusi tititi, macho mekundu kama ngeu. Sisi walimu tumezoea kuiita orodha hii mapambo ya lugha na kuitolea alama. Mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni mara nyingi hapa Mumbuni, ambako theluji haijapata kuanguka na ambako sijapata kumfundisha msichana hata mmoja mwenye nywele za singa.

Muhula mmoja niliwapa insha ya kumsifu mtu wanayemwenzi. Msichana mmoja mpole, mwenye Kiswahili safi, alimsifu mamake, na mama huyo akawa na singa, chungwa bivu na yote yaliyosalia. Nikampa alama nzuri. Siku ya wazazi ilipofika nilimwona mama mwenyewe: mwanamke mrefu, mweusi, nywele za kipilipili zilizokatwa fupi chini ya kitambaa, sura ya mtu anayeamka kabla ya jogoo. Baadaye nilimwuliza binti yule niliyemsoma alikuwa nani.

"Ni mama, mwalimu. Lakini ulisema insha iwe na mapambo, na yale ya mtu mweusi uliyotupa ni ya mwizi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza iwapo fasihi yenyewe, ambayo tunaisifu kwa kumjenga mwanafunzi, haimbomoi baadhi ya nyakati kwa mkono wetu. Katika makala haya ningependa tuziangalie kazi mbili ambazo zimeligusa jeraha hili, moja ya kale na moja ya juzi.

Ya kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamii ambamo utumwa ulikuwa bado halali. Ulifutwa kisheria huko mwaka 1897. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa wa asili ya bara, mama akifinyanga vyungu na binti akivipeleka mjini kuuza. Alipoanza kuimba na kupata sifa, wapinzani wake hawakuishambulia sauti, kwa kuwa haikushambulika. Walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba aliingia mjini akiwa amevaa kaniki. Mwanafunzi wa leo huenda asione uzito wa tusi hilo, basi ni wajibu wetu kulieleza: kaniki lilikuwa vazi la mtumwa na la fukara, kwa hiyo aliyeitaja alikuwa ametaja rangi, ukoo na sura kwa pigo moja. Katika ngazi ya pwani ya wakati ule, uzuri ulikuwa na nasaba. Neno ustaarabu lenyewe linatuambia ngazi ile ilielekea wapi.

Siti aliwajibu kwa wimbo wake, akisema kwamba mtu hapimwi kwa sura wala kwa ukoo bali kwa akili. Hapo ndipo walimu wengi tunapofunga kitabu kwa furaha na kuandika ubaoni: dhamira, utu ni bora kuliko uzuri. Naona tunafunga mapema mno. Aliyejibu vile alikuwa mwanamke mzima, mwenye kipaji ambacho kilimpeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alikuwa na kitu cha kuwawekea mezani. Isitoshe, Mtumwa alipopanda alipanda kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, jina la Kiarabu. Ngazi ilibaki imesimama. Ni yeye aliyeikwea. Msichana wa miaka 14 asiye na santuri wala jina atajibu kwa kitu gani?

Kazi ya pili ni Sulwe, kitabu cha watoto cha mwigizaji wetu Lupita Nyong'o kilichotoka mwaka 2019 kwa Kiingereza, kisha kikatafsiriwa kwa Kiswahili na Kidholuo. Msikidharau kwa kuwa kina picha. Sulwe amezaliwa na rangi ya usiku wa manane ilhali dada yake ana rangi ya adhuhuri. Shuleni dada anapewa majina ya utani ya mwanga, naye anapewa ya giza. Mtoto huyu anajaribu kujifuta ngozi kwa kifutio. Anajipaka vipodozi vya mamake. Anakula vyakula vyeupe tu. Anaomba Mungu. Ukisoma kurasa hizo utatambua kwamba hakuna anayempiga wala kumfungia mlango. Kazi yote ya kujiumiza anaifanya mwenyewe, kimya, chumbani mwake, na hilo ndilo ambalo mwandishi ameliona vizuri kuliko wahakiki wengi wa ubaguzi. Mmarekani Toni Morrison alikuwa ameshaifuata njia hiyo katika The Bluest Eye (1970), ambamo Pecola anaomba macho ya buluu hadi akili inamtoka. Hicho si cha Kidato cha Pili, ila mwalimu akisome.

Udhaifu wa Sulwe uko mwishoni. Nyota inashuka kumsimulia kisa cha Usiku na Mchana, na asubuhi jeraha limepona. Kidonda cha namna hii hakiponi usiku mmoja. Hata hivyo, katika kisa hicho kuna jambo la maana: Usiku anapoondoka kwa uchungu, watu hawamtafuti kwa sababu amekuwa mrembo ghafla. Wanamtafuta kwa sababu hawawezi kulala wala kuota bila yeye.

Maisha ya mwandishi yananipa hoja nyingine. Katika hotuba yake ya mwaka 2014 Marekani, Lupita alisimulia jinsi alivyokuwa akiomba Mungu aamke akiwa mweupe. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba uzuri hauliki. Neno la kweli, lakini halikumtosha binti. Alichosema kilimsaidia ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi kabisa wa kutoka Sudan Kusini ya leo, akishangiliwa magazetini kwa rangi ileile.

Nasi je? Tunamfundisha msichana methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kipindi kinachofuata tunamtolea alama kwa singa. Anasikia vyote viwili, na anajua kipi kina alama. Akitoka darasani anaenda kusikia wavulana wakisifu "rangi ya thao". Akishuka sokoni Machakos anakuta mikebe ya krimu ya kung'arisha ngozi, na baadhi ya krimu za aina hiyo zina zebaki, ile sumu ambayo Mkataba wa Minamata wa 2013 ulikusudia kuiondoa katika vipodozi. Krimu siwezi kuzizuia. Orodha ya ubaoni ni yangu.

Niliifuta. Nikawaambia wanafunzi waende nyumbani wamtazame mtu mmoja mweusi kwa dakika tano, kisha watafute tashbihi ambayo hawajaipata kwangu wala katika mwongozo wowote wa insha. Nyingi zilikuwa mbovu, nakiri. Mmoja alimfananisha nyanyake na gurudumu. Lakini binti yule wa siku ya wazazi aliandika kwamba ngozi ya mamake inang'aa kama njahi zilizooshwa zikiwa bado na maji kwenye ungo.

Nikampa alama zote za mapambo. Mwenzangu wa idara, tulipokuwa tukisawazisha usahihishaji, aliweka kalamu kando ya sentensi hiyo akaniuliza imetoka kitabu gani.