Mlevi Hasadikiwi

Tumesoma kitabu cha Paula Hawkins wa Uingereza, kilichotoka mwaka 2015. Kwa Kifaransa chaitwa La Fille du train. Rachel ni mlevi. Alipokuwa na bwana wake Tom, asubuhi hakukumbuka mambo ya usiku, naye Tom alimwambia kwamba amemtishia kwa fimbo ya golfu. Maskini akaomba radhi. Kumbe Tom ndiye aliyeirusha fimbo! Baadaye huyo huyo amwua Megan, kijana mwanamke mwenye mimba yake.

Jambo hilo mwandishi ameliona vema: chupa ya mwanamke yamfaa mpigaji, maana habari yote hubaki kinywani mwake. Na sisi je? Tukiona binti amevimba jicho, mara ngapi twauliza kwanza alikunywa nini?

Lakini mwisho wa kitabu hatuukubali. Rachel akumbuka tena, basi asadikiwa. Pombe ikizidi sana, akili haishiki jambo hata kidogo, wala hakuna cha kurudi kesho. Wako mabinti wasioweza kukumbuka kamwe, nao walipigwa kweli. Kwa hao kitabu hakina neno.