Maandamano ya 1966 na Mkulima Aliyesahauliwa

Kila tabaka lina kumbukumbu yake. Kwa hiyo kada anaposoma kitabu chochote hana budi kuuliza: anayekumbuka ni nani, na kwa faida ya nani? Katika makala hii tunauliza swali hilo kuhusu maandamano ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ya tarehe 22 Oktoba 1966. Na tunaliuliza kwa macho ya mkulima wa Kasulu na Kibondo.

Tukio lenyewe linafahamika. Wanafunzi walikwenda Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga sheria ya kuwaingiza wasomi katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambayo kwa sehemu yake kubwa wangekatwa asilimia 60 ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kuwa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Haikutimia miezi minne, Azimio la Arusha likatangazwa.

Fasihi imehifadhi nini? Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani (1971), na riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), zinatuchorea msomi wa kizazi hicho, mwenye nafsi iliyopasuka. Ni kazi za thamani, kwani zinaufichua ugonjwa. Lakini zinautazama kutoka kifuani mwa mgonjwa. Kumbukumbu za wanaharakati wa jarida la Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku 1970, zilihaririwa na Karim Hirji na kutoka kitabuni mwaka 2010. Zina ujasiri wa kiitikadi, ila zimeandikwa kwa Kiingereza. Nayo masimulizi ya majukwaani hupenda hasira ya Mwalimu, yakaipita haraka ile asilimia 20.

Katika yote hayo wahusika ni wawili: Serikali na msomi. Mhusika wa tatu, aliyelipa gharama, hayumo. Ukoloni uliifanya Buha ghala la nguvukazi. Wanaume wa Kasulu na Kibondo walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga. Jasho lao na kodi ya wakulima ndivyo vilivyosomesha wachache. Manamba hakuvaa joho, alipewa namba. Bango la kusifu ukoloni lingesomwaje mbele yake?

Haki inatudai tukumbuke pia Machi 1978, ambapo wanafunzi wa Chuo hicho hicho waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na mawaziri. Nao walifukuzwa. Anayesema kwamba wanafunzi wakati wote ni wabinafsi amekariri, hajachambua. Kipimo ni kimoja: wanadai kwa ajili ya nani?

Suala hili ni hai. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013. Leo vijana waliomaliza kidato cha sita hupelekwa pia Mtabila, Kasulu, na Kanembwa, katika eneo lililokuwa la Kibondo kabla ya kuundwa Wilaya ya Kakonko. Wanafika katika nchi ya manamba bila kuambiwa habari za manamba. Tunawahimiza waandishi wetu watunge tamthilia ya 1966 yenye mhusika wa tatu, kwa Kiswahili, ichezwe makambini humo wanakijiji wakiwapo. Wao ndio wahakiki wenye haki ya kwanza ya kuihukumu.