Ngorongoro Haienei Kwenye Fremu Moja

Macho hayana pazia, husema Waswahili. Kamera inalo: linafunguka, linajifunga, na kilichobaki nje ya fremu ni kama hakikuwepo. Kwa picha ya bibi harusi au ya mtoto anayecheka, kingo za fremu ni msaada, maana zinamwambia mtazamaji aangalie wapi. Lakini mpeleke mpiga picha kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, pale barabara inapotoka msituni na karibu kila dereva husimama, uone anavyohangaika. Mbele yake kuna shimo lenye upana wa kilomita 20 hivi na sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, mita kama 600 chini ya miguu yake. Akitumia lenzi ya kawaida, anapata kipande cha Ziwa Magadi, lililo sakafuni, na basi. Akitumia lenzi pana sana anapata vyote, ila ukuta wa ng'ambo uliokuwa umemjaa machoni unakuwa mstari mwembamba chini ya anga tupu. Lenzi pana huingiza kila kitu kwa kukidogosha kila kitu.

Ipo njia nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuisifu. Unasimama mahali pamoja, unapiga mandhari kipande kwa kipande kutoka kushoto kwenda kulia, kisha unaviunga vipande hivyo kwenye kompyuta viwe picha moja ndefu. Panorama. Siku hizi karibu kila simu janja huifanya kwa kupitishwa hewani, na hufanya vizuri kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba hakuna kazi hapo. Kazi ipo, na sehemu yake ngumu kuliko zote ni kuamua vipande vikutane wapi.

Hamu ya kuona pande zote kwa mpigo ni ya zamani kuliko kamera. Mwaka 1787, Robert Barker, mchoraji mzaliwa wa Ireland, alipata hataza ya mchoro unaomzunguka mtazamaji, naye aliuchora mji wa Edinburgh kutoka kilima cha Calton. Mwaka 1793 akafungua jengo la duara Leicester Square, London, na watu wakalipa kiingilio ili wasimame katikati ya mandhari wasiyoifikia kwa miguu. Wapiga picha hawakuchelewa kufuata. Mwaka 1848, Charles Fontayne na William Porter walisimama ng'ambo ya mto Ohio wakaupiga mji wa Cincinnati, Marekani, kwenye mabamba 8 ya shaba iliyopakwa fedha. Picha hiyo ni kali mno. Zaidi ya karne moja baadaye wahifadhi waliikuza kwa hadubini wakaweza kusoma saa ya mnarani: saa nane kasoro dakika tano mchana.

Kisha akaja Eadweard Muybridge. Mwaka 1878 alipanda juu ya kilima cha California Street huko San Francisco akauzunguka mji wote kwa mabamba 13, ambayo yakipangwa sambamba yana urefu wa zaidi ya mita 5. Hakujaribu kuficha maungio. Kila picha ina ukingo wake, na jicho huruka mstari likaendelea na safari. Ila vivuli vimetoboa siri yake: picha moja ya katikati ilipigwa saa kadhaa baada ya majirani zake, jua likiwa limeshahama. Mwaka 1906 tetemeko na moto viliteketeza sehemu kubwa ya mji ule, na leo picha zile ni miongoni mwa mashahidi wake wakubwa. Ushahidi wenyewe haukutoka katika dakika moja. Tangu mwanzo panorama imekuwa nyakati kadhaa zilizokubali kukaa pamoja.

Turudi ukingoni. Kwanza fundi huisimamisha kamera wima, kinyume cha watu wengi wanavyodhani. Upana utapatikana kwa kuunga. Anachokitafuta ni kimo, ili anga na sakafu ya kreta vipate nafasi. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, ikiwa wima, huona digrii 27 hivi kwa upana. Kila picha ikirudia theluthi ya ile iliyotangulia, nusu duara nzima huhitaji kama picha 10. Kwa kamera ya pikseli milioni 24, zao lake ni picha yenye zaidi ya pikseli 26,000 kwa upana. Mtu anaweza kuisogelea mpaka akaona vumbi la gari la watalii kule chini, mahali ambapo kwa macho aliona nukta.

Theluthi ile inayorudiwa isionekane hasara. Humo ndimo picha mbili hufahamiana. Pasipo eneo la kushirikiana hakuna cha kuziunganisha, na likiwa finyu mno programu hubahatisha.

Baada ya hapo ni suala la mahali pa kuzungushia kamera, na hapa ndipo fundi hujitofautisha na mpitaji. Tuseme mbele yako kuna mgunga uliosimama hatua chache kutoka ukingoni, na nyuma yake, mbali sana, ni ukuta wa kaskazini wa kreta. Ukigeuza kamera mkononi, lenzi huchora tao hewani, na shina la mgunga huhama mbele ya ukuta: katika picha ya nne limeziba korongo fulani, katika ya tano korongo liko wazi. Picha hizo mbili hazitapatana kamwe, kwa kuwa kila moja imepigwa kutoka mahali pake. Dawa yake ni kuizungusha kamera kwenye nukta iliyo ndani ya lenzi yenyewe. Chungulia lenzi kwa mbele, utaona tundu la duara linaloelea katikati ya vioo; tundu hilo ndilo linalopaswa kukaa juu ya mhimili wa stendi. Wenye kazi yao huifunga kamera kwenye reli ndogo, wakaisogeza nyuma na mbele milimita kwa milimita, wakilitazama shina na korongo huku wakiigeuza kushoto na kulia. Shina likitulia mahali pake, kaza skrubu. Nimewaona watu wakimcheka fundi anayefanya hivyo huku nyumbu wakipita kule chini. Wanyama watapita tena. Shina lililokatika mara mbili halirekebishiki.

Mwanga nao una masharti yake. Asubuhi jua liko kulia kwako, kwa hiyo upande wa mashariki umejaa ukungu mweupe na wa magharibi una anga nzito ya buluu. Kamera ikiachwa ijiamulie, itatia giza picha za kulia na kung'arisha za kushoto, na kila fremu itakuwa na asubuhi yake. Ndiyo maana fundi huchagua kiwango kimoja cha mwanga, rangi moja na umbali mmoja wa fokasi, akavifunga vyote kabla ya picha ya kwanza. Kichujio cha kukata mng'ao, ambacho wapiga picha wa mandhari wanakipenda sana, hubaki mfukoni. Hicho hulitia giza zaidi eneo la anga lililo pembe mraba na jua, na katika picha pana doa la buluu iliyokolea hutokeza mahali pasipo na sababu.

Kwenye kompyuta, kazi hupokewa na hesabu. Mwaka 1999 David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, alionyesha jinsi ya kuzitambua nukta za picha, kama pembe ya jiwe au doa la kichaka, ambazo hujulikana hata picha ikikuzwa au ikigeuzwa. Mwaka 2003, yeye na Matthew Brown walionyesha programu inayoweza kupewa rundo la picha zilizochanganyika, ikazitambua zilizo za mandhari moja na kuziunga bila kuelekezwa. Ndani yake kuna mbinu ya mwaka 1981 ya Martin Fischler na Robert Bolles, ambayo mimi huifurahia kila ninapoifikiria. Programu huchukua jozi chache za nukta kwa bahati nasibu, hupendekeza namna picha mbili zinavyolaliana, kisha huziuliza nukta zingine zote kama zinaafiki. Pendekezo lenye waafiki wengi hushinda, na nukta zilizodanganyika, kwa mfano kichaka kilichofanana na kichaka kingine, hutupwa nje. Hata asiye na fedha za kununua programu anaweza kufanya haya yote. Programu ya Hugin hutolewa bure, na ilikua kutoka zana alizoziandika Helmut Dersch wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990.

Halafu ni umbo. Kinachomzunguka mtu ni duara, na karatasi ni bapa. Lazima kitu kipinde. Ukichagua kutunza mistari iliyonyooka, ncha za picha huvutika, na ikizidi digrii 120 hivi hazitazamiki. Ukichagua kuikunjua mandhari kama iliyochorwa ndani ya pipa, miti husimama wima vizuri, lakini ukingo wa barabara ulionyooka miguuni pako hujikunja. Mchora ramani ana shida hiyohiyo, naye hana jibu lisilo na gharama. Kwa Ngorongoro mimi ni wa pipa: kreta yenyewe ni duara, haina mistari mingi ya kulalamika.

Sasa tumefika kwenye mshono. Mkeka husukwa kwanza ukili, kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu, na ukishatandikwa mgeni hukalia mkeka bila kuuliza umeungwa wapi. Panorama ina adabu hiyo, ila kinachoungwa hapa kinatembea. Mawingu hupita juu ya kreta, na vivuli vyao hupita sakafuni. Picha ya tano ina kivuli juu ya msitu wa Lerai, ulio humo sakafuni. Ya sita, iliyopigwa muda mfupi baadaye, ina jua. Mwaka 1983 Peter Burt na Edward Adelson walitoa suluhisho ambalo hadi leo halijachosha: mabadiliko makubwa ya mwanga yachanganywe polepole katika eneo pana, na vitu vidogo vyenye kingo kali vichanganywe katika ukanda mwembamba. Hivyo kivuli huyeyuka taratibu, na mti haupati pacha wa mzimu.

Lakini kuna vitu visivyochanganyika. Tai anayezunguka angani anaweza kuonekana mara mbili, au asionekane kabisa. Mchungaji anayepita kwenye mteremko wa ukingo na ng'ombe zake yumo katika picha ya saba, hayumo katika ya nane. Programu hutafuta njia ya kukatia mahali ambapo picha mbili zinatofautiana kidogo kuliko kwingine, na njia iliyo laini mara nyingi ni ile inayomkwepa mtu. Humpitia pembeni, ikachukua nyasi tupu za picha ya nane, na mshono ukatoka safi kabisa. Hapo ndipo fundi hufungua kinyago cha fremu, yaani tabaka linaloamua sehemu ipi ya picha ionekane, akachukua brashi na kumrudisha. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959 kwa utaratibu wa wanyamapori na wafugaji kutumia ardhi moja, na mpaka leo nafasi ya wafugaji hao ni hoja inayobishaniwa kwa uchungu. Katika mahali kama hapo, mandhari isiyo na mtu ni kauli. Anayeitoa aitoe kwa kukusudia, isimtoke kwa sababu kompyuta iliona nyasi ni rahisi.

Wapo wanaosema basi panorama ni uongo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona vile. Nawajibu kwamba hakuna aliyewahi kuona chochote kwa namna nyingine. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali hukamata kama digrii mbili tu, na jicho huruka kutoka mahali hadi mahali mara tatu hivi kwa sekunde. Ubongo ndio unaoviunga vipande hivyo na kutuambia tumeiona kreta. Aliyesimama ukingoni na kugeuza shingo kutoka mashariki hadi magharibi ameunga panorama kichwani, pamoja na kivuli kilichohama na tai aliyemhesabu mara mbili. Uongo huanza pale muungaji anapoificha kazi yake kwa mtu mwenye haki ya kujua: picha ya gazeti inayodai ni dakika moja, au picha ya kiwanja iliyompunguza jirani.

Kwa hiyo naisifu kazi hii kwa sababu tofauti na ile inayosifiwa kwa kawaida. Ukubwa wa picha ni jambo la kamera, na ulaini wa mshono ni jambo la hesabu ambayo simu inaifanya vizuri zaidi kila mwaka kuliko uliopita. Mashine inajua vitu vipi vinafanana. Haijui ni nani alikuwepo. Hilo linajulikana na aliyesimama pale, na ndiyo sababu uamuzi wa wapi pa kukata unapaswa kubaki mkononi mwake, hata kama kila kitu kingine atakiachia mashine.