Ngoma na Chombo cha Msalani

Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho ya New York chombo cha msalani kilichonunuliwa dukani, akakiita Chemchemi. Je, tumweke safu moja na mpiga ngoma wa Burundi? Hapa Rumonge wengi watacheka. Inkiranya huongoza, ibishikizo huifuata, amashakwe hudumisha mapigo yasiyokatika. Mkono ukichelewa, kila sikio hujua. Kazi ya Duchamp haina mtihani wa namna hiyo, na ndipo tunapoitilia shaka. Lakini tusiharakishe hukumu: hata Karyenda, ngoma takatifu ya wafalme, haikutukuzwa kwa sauti yake pekee, bali kwa maana iliyobeba. Tofauti ni kwamba maana ile umma uliielewa. Ya Duchamp yahitaji mfasiri kando yake.