Kikombe cha 1967 na kadi ya Ndaye

Wandugu, hapa Bukama ukitaka kelele, taja tu Yugoslavia. Wazee waliosikiliza redio mwaka 1974 watakutajia 9–0 kama deni ambalo bado halijalipwa, halafu mmoja atasema: "Lakini Ndaye, balimuonea!" Ni kweli, walimuonea. Ninataka kuongea juu ya kuonewa huko, na pia juu ya kitu kingine ambacho sisi watu wa Katanga hatupendi kukigusa.

Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen. Dakika ya 22 Yugoslavia wanafunga bao la nne. Wachezaji wa Zaire wanamzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, wanalalamika, na mmoja anampiga teke kwa nyuma. Delgado anageuka, anamtoa Ndaye Mulamba. Aliyepiga teke ni Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, na mwenyewe alisema kwamba ni yeye. Lakini fungua karatasi ya ile match leo: nyekundu, dakika ya 22, Ndaye. Basi. Hakuna hata nyota ndogo pembeni. Na huyu Ndaye ni yule aliyefunga mabao 9 kwenye Kombe la Afrika kule Misri miezi mitatu tu mbele ya hapo, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja.

Sasa fuateni matokeo yake. Siku nne baadaye Zaire wanacheza na Brazil. Ndaye hayupo uwanjani. Mwepu yupo. Brazil wanapata mpira wa adhabu, filimbi inalia, Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Brazil hawajaugusa. Picha hiyo imezunguka dunia nzima, miaka hamsini watu wanacheka: angalieni Waafrika, hata sheria hawazijui! Mwepu alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri sana. Kwani bingwa wa Afrika asijue mpira wa adhabu ni nini? Wachezaji wale walisimulia juu ya pesa ambazo hawakulipwa na vitisho vya wakubwa wa Mobutu. Mimi ninaongeza jambo moja tu ambalo wachekaji hawalitaji: kama Delgado angemtoa mtu wa kweli, Mwepu asingecheza na Brazil, na ile picha isingekuwepo. Kosa moja la karatasi lilizaa kicheko cha dunia nzima.

(Karatasi zilimsumbua Ndaye mpaka mwisho. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, walimnyamazia dakika moja kama marehemu. Alikuwa hai, Afrika Kusini. Alikufa 2019.)

Hapo wote tunakubaliana, najua. Sasa tuende 1967.

TP Englebert, ndiyo hiyo TP Mazembe ya leo, na Asante Kotoko ya Ghana wako fainali ya vilabu bingwa vya Afrika. Kumasi, 1–1. Kinshasa, 2–2. CAF inapanga match ya tatu, Yaoundé, Desemba. Kotoko hawatokei. Upande wa Ghana wanasimulia kwamba taarifa haikuwafikia wachezaji, ilikwama kwa wakubwa wao wa mpira. Kikombe kinapewa Englebert. Kwenye palmarès yetu inasomeka "1967, 1968, 2009, 2010, 2015", mara tano, zote uzito mmoja, njo ivi tunaziimba.

Sisemi tuliiba. Timu iliyofika fainali nne mfululizo, 1967 mpaka 1970, haihitaji kuiba. Ninasema tu kwamba katika shamba la majaribio, parcelle ikiliwa na mbuzi hauandiki "kilo sifuri", wala hauandiki mavuno ya jirani. Unaandika: hakuna kipimo, mbuzi. Anayesoma daftari lako baada ya miaka kumi anapaswa kumuona yule mbuzi. Kule Yaoundé hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa, kipimo hakipo.

Watu wa sataranji, mchezo ambao kwetu wengi tunaita échecs, wametupita hapa. Alekhine, bingwa wa dunia, alichapisha mchezo mmoja wa malkia watano ubaoni, eti aliucheza Moscow 1915 dhidi ya Grigoriev. Watafiti walipochimba walionyesha kwamba haukuchezwa hivyo: ulitoka kwenye njia ambayo ingeweza kufuatwa katika mchezo mwingine wa hao wawili, ambamo Alekhine alishika hata rangi nyingine. Leo wanaoutaja kwa makini wanaandika hilo pembeni, na Alekhine bado ni Alekhine. Wao wana bahati: kila hatua imeandikwa, unaweza kuirudia mezani. Sisi wa mpira tumebaki na tarakimu na jina, ndiyo maana maneno ya pembeni kwetu ni ya lazima zaidi.

Kinachonichoma ni hiki: tunamdai haki Ndaye kwa sauti kubwa, lakini mtu akitaja Yaoundé tunamwambia anyamaze, anaharibu furaha. Kotoko walirudi fainali 1970, dhidi yetu tena. 1–1 kwao, wakaja Kinshasa wakashinda 2–1. Hiyo hatuitaji kabisa, na ndiyo safi kuliko zote mbili.

Mimi ningeandika hivi. 1967: Englebert, baada ya 1–1 na 2–2, match ya tatu haikuchezwa. Na kwa 18 Juni 1974, dakika ya 22: Ndaye, kwa teke la Mwepu Ilunga.