Kutoka Umoja Hadi Burma kwa Herufi 182

Mchezaji amebonyeza 2, kisha 1, kisha 1 tena. Kinachoifikia seva ya mchezo ni kamba fupi ya maandishi: 2*1*1. Pamoja nayo huja namba ya simu yake, msimbo alioupiga na kitambulisho cha kikao. Seva nayo hujibu kwa maandishi matupu yanayoanza na CON ikiwa hadithi inaendelea, au END ikiwa imekwisha. Hivyo ndivyo lango la USSD, zile menyu za simu zinazofunguka kwa msimbo wenye nyota na reli, la Africa's Talking, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, linavyozungumza na programu za watu. Anayetaka kutunga mchezo wa hadithi unaochezeka kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe iitwayo pia mulika mwizi, bila intaneti, hana vifaa vingine. Hivi vyenyewe vinatosha, ila vina masharti yake.

Wachezaji tayari wapo. Mtu wa Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hahitaji kufundishwa kusoma menyu yenye namba. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikaa kwenye menyu ya laini yenyewe, na baadaye ikapata *334#. Fuliza, huduma ya M-Pesa ya kukopa salio likipungua, ilipokuja 2019, ilikuta watu wanaobonyeza 98 kuona zaidi na 0 kurudi nyuma bila hata kuangalia vidole. Vijana pia wamezoea hadithi inayoongea nao kwa simu: jarida la Shujaaz, lililoanza 2010 na DJ Boyie wake wa kubuni, lilijengwa juu ya wasomaji wanaotuma SMS. Kilichokosekana ni mtu wa kuishona hadithi ndani ya menyu.

Aina yenyewe ya mchezo ni kongwe kuliko simu za mkononi. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta Mmarekani aliyependa kuingia mapangoni, aliandika Adventure mwaka 1976 hivi, na Don Woods wa Stanford akaupanua 1977. Mchezaji aliandika amri ya neno moja au mawili, kompyuta ikamjibu kwa maelezo ya chumba alichomo. Amri za kuandika zinaweza kupita kwenye USSD, maana lango hupokea herufi pia. Siwashauri watungaji wazitumie. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi mbele na nyuma, na mtu anayetafuta herufi moja moja kwenye vitufe vya mulika mwizi, huku kikao kikihesabu sekunde, atakata tamaa kabla hajauokota ufunguo. Tarakimu moja yatosha.

Tuchukue mfano. Hadithi inaanzia steji ya Umoja, na mchezaji lazima afike soko la Burma, kwenye Jogoo Road, kabla mjomba wake hajafunga kibanda cha nyama. Skrini ya kwanza ni hii:

Steji ya Umoja, saa 12:40 jioni. Mvua. Una sh 70. Makanga anaitisha mia.
1. Bishana naye
2. Tembea hadi Outering
3. Ngoja ingine
0. Hifadhi uondoke

Ukihesabu nafasi na mistari, skrini hiyo haifiki herufi 150. Ujumbe mmoja wa USSD hubeba baiti 160, na kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, ambayo kila herufi yake huchukua biti saba, hizo ni herufi 182. Hapo Kiswahili kina bahati, kwa kuwa herufi zake zote zimo kwenye alfabeti hiyo. Mtego uko kwenye ng'. Ukiandika hadithi yako kwenye programu ya kompyuta inayopenda kupinda alama za kunukuu, ile koma ya juu ya ng'ombe hugeuka kuwa alama nyingine isiyokuwemo. Ujumbe mzima huhamia kwenye mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi yako hushuka kutoka 182 hadi 80. Skrini iliyokuwa sawa jana leo inakatika katikati ya chaguo la pili, na kosa huwezi kuliona kwa macho. Anayetaka kuandika Gĩkũyũ na alama zake zote, ĩ na ũ, yuko kwenye 80 tangu mwanzo. Pengine ndiyo maana ujumbe mwingi wa Gĩkũyũ kwenye simu huja bila alama.

Kuna wanaokwepa ufinyu huu kwa 98. Tukio refu hukatwa vipande viwili au vitatu, mchezaji abonyeze aone zaidi. Kwa orodha ya huduma za benki hilo linavumilika. Kwa hadithi, kila 98 ni safari kamili ya kwenda na kurudi kwenye mtandao bila mchezaji kuamua lolote, na ni nafasi nyingine ya kikao kukatika. Tukio linalohitaji 98 mbili halijahaririwa.

Turudi kwenye ile kamba. Lango la Africa's Talking haliipi seva jibu la mwisho pekee; linaipa majibu yote ya kikao tangu la kwanza, yakitenganishwa kwa nyota. Maana yake ni kwamba njia nzima ya mchezaji imo ndani ya ombi moja. Programu inaweza kuanzia steji ya Umoja, ikala kamba tarakimu kwa tarakimu, na kufika alipo mchezaji bila kuweka kumbukumbu popote. Kwa mchezo mfupi, ukurasa mmoja wa msimbo unatosha, na hifadhidata haihitajiki.

Uzuri huo huvunjika mara tu unapoingiza bahati nasibu. Tuseme kwenye mzunguko wa Donholm kuna trafiki, na programu inarusha kete kuona kama matatu itasimamishwa. Imepita. Mchezaji anabonyeza chaguo linalofuata, seva inaanza upya kula kamba kutoka mwanzo, inarusha kete tena, na safari hii matatu imeshikwa. Mtu aliyekwisha kufika City Stadium anarudishwa Donholm bila maelezo. Dawa yake ni kuifanya kete itokane na kitambulisho cha kikao, ili kwa kikao hicho kete ile itoe jibu lilelile kila inaporushwa. Au uandike matokeo mara moja na usiyaguse tena.

Kuandika kutakulazimu tu, kwa sababu ya kukatika. SMS ikiikosa simu huwekwa kituoni ikangoja. USSD haingoji. Simu nyingine ikiingia, mara nyingi menyu hupotea. Mchezaji akiwaza mno, muda unaisha. Chaji ikikata, imekata. Akipiga tena anapata kitambulisho kipya na kamba tupu. Kwa hiyo kila hatua ihifadhiwe papo hapo chini ya namba ya simu, na anayerudi akutane na 1. Endelea, 2. Anza upya. Hapa watungaji wengi hujifunga kwa kudhani namba moja ni mtu mmoja. Kwenye nyumba ya chumba kimoja simu ya mama ni ya watoto watatu, na mdogo akibonyeza 2 amefuta safari ya kaka yake. Skrini ya kuuliza nani anacheza, yenye nafasi tatu, inagharimu kubonyeza mara moja zaidi na inaokoa ugomvi.

Mwisho wa sura usiubane kwenye skrini ya END. Mtumie mchezaji SMS. Ujumbe mrefu hugawanywa katika vipande vya herufi 153 na simu huviunganisha yenyewe, hubaki kwenye simu, na mtu husoma kwa raha zake akishashuka.

Njia ya sauti, yaani kupiga simu na kusikiliza, ni mchezo tofauti kabisa. Huko Kampala, Peripheral Vision International walitengeneza Wanji, michezo ya hadithi ya kusikiliza ambayo mpigaji huamua njia kwa vitufe, ikasikika kupitia huduma ya simu ya 3-2-1 ya kampuni ya Viamo. Faida yake ni wazi: asiyejua kusoma anacheza. Sheria ya kwanza ya uandishi wake ni kutaja tendo kabla ya namba, “ukitaka kushuka, bonyeza mbili”, kwa maana msikilizaji aliyeambiwa namba kwanza ameshaisahau anaposikia tendo. Machaguo matatu ni mengi tayari.

Wengi hudhani kelele za nganya, matatu zenye muziki mkubwa, zitaharibu vitufe. Haziwezi. Tano ni milio miwili ya hertzi 770 na 1336 ikipigwa pamoja, lakini kwenye GSM simu yako haipitishi mlio huo kwa maikrofoni. Hutuma ishara kwamba tano imebonyezwa, na mtandao ndio unaoutoa mlio upande wa pili. Muziki wa ndani ya gari utaizidi sauti ya msimuliaji, lakini vitufe vitafika salama. Mfumo wa kutambua usemi usingepona hapo.

Bili ndiyo huua michezo hii kuliko kasoro za kiufundi. Dakika za sauti hulipwa na anayepiga, na ukiwaruhusu wachezaji waflashi kisha seva iwapigie, bili ni yako. Kikao cha USSD nacho kina ada, iwe kwa mwenye msimbo au kwa mchezaji. Matokeo yake ni kuwa fedha hutoka kwa wafadhili wenye ujumbe wao. Pamoja Mtaani, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2008 uliowekwa katika mitaa ya Nairobi, ulibeba kinga ya Ukimwi kwa fedha za mpango wa PEPFAR wa Marekani. Sina ubaya na ujumbe. Ila mtungaji anayelipwa kwa ujumbe huanza kuweka hotuba mwishoni mwa kila njia mbaya, na mtoto wa Eastlands hunusa hotuba kutoka skrini ya pili. Kama mchezaji wetu akiamua kumdanganya makanga kwamba ameshalipa, mwache apandishwe, afike steji ya Rikana, ndipo makanga aanze kukusanya upya. Hapo ana chaguo jingine la kufanya, nalo linamfunza zaidi.

Umebaki wizi mmoja mdogo. Aliyezoea menyu hajibu skrini moja moja. Hupiga msimbo wote kwa mkupuo, akitia majibu yake kabla ya alama ya mwisho, na seva huyapokea kama kamba iliyokwisha kujaa. Mtu akigundua kwamba 2*1*1*3 inamfikisha Burma, jioni hiyohiyo Buruburu nzima inayo. Unaweza kumzuia kwa kukataa kamba ndefu kwenye ombi la kwanza. Mimi ningeiacha wazi na kuweka mwisho mmoja wa siri ambao haufikiwi ila na aliyepita kila skrini kwa zamu, seva ikiwa imeandika kila hatua yake.